Siku Sita za Kulipa

Mie ndiye niliyekimbia wa tatu. Naanza na hilo kwa sababu wajukuu zangu wakisikia kwamba bibi yao alikuwa mkimbiaji hucheka mpaka wakashika mbavu, na wana haki, magoti yenyewe ndiyo haya. Lakini nilikimbia. Miaka ile ya hamsini shule yetu ya Msambweni ilikuwa na wasichana kumi na mmoja tu, na wanne kati yetu tulikuwa timu ya kupokezana kijiti. Binti wa fundi cherehani alianza, jirani yake akafuata, mie nikaja wa tatu, na wa mwisho alikuwa yeye.

Jina lake silisemi. Ana wajukuu naye, na mambo haya si ya kutangaza.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na kovu mguuni alipokanyaga chaza. Akikimbia ungedhani anatumwa dukani tu na hana haraka, kumbe kashakupita. Mwalimu wetu, bwana mmoja wa kutoka bara ambaye bahari aliiogopa kama moto, alitufanyisha mazoezi pwani maji yakitoka, mchanga ukiwa mgumu. Yeye alisimama juu penye nyasi na kipenga chake. Kijiti alikichonga mwenyewe, cha mpera.

Sote tulikuwa na kosa moja: tukingoja kijiti tuligeuka nyuma. Mwalimu alituvuta masikio, alipiga kelele, wapi! Yule wa mwisho peke yake hakugeuka. Alinipa mgongo, akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, akasikiliza.

"Hatua zako nazijua," aliniambia. "Wa kulia unauburura kidogo. Ukifika pale ninapopataka, mie naondoka."

Na kweli, hatukukosana hata siku moja. Sikuwa na dada. Mama yangu alizaa wengi, tukabaki mie na kaka zangu, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kunifahamu kwa kuburura mguu. Basi nilimpenda. Sioni haya kulisema sasa.

Mashindano yalikuwa yafanyike Kwale, juu mlimani, baada ya masika. Bwana DC angetoa kikombe, na timu itakayoshinda ingepelekwa Mombasa. Yeye Mombasa hakuwahi kuiona. Alizungumza habari ya Mombasa mpaka ukamchoka: feri, taa, maduka ya Wahindi. Ilikuwa Ramadhani, njaa imetukaba, naye anatuhadithia Mombasa.

Katika Ramadhani hiyohiyo akavunja ungo. Alituambia sie watatu nyuma ya jiko la shule, uso umemparama. Nyinyi wa leo mtasema, kwani ni nini? Kwetu wakati ule ilikuwa hivi: msichana akishavunja ungo humwambia mama yake, mama humwita somo aje kumfunza, na tangu siku hiyo mwari yumo ndani. Shule imekwisha. Atatoka siku ya kuolewa. Na posa yake ilikwisha kuletwa, mchumba yuko huko Vanga, kinachongojwa ni hiyo habari tu.

"Mpaka Kwale," alisema. "Nifichieni mpaka Kwale tu, nikirudi namwambia mama mwenyewe."

Tukaapa. Nguo zake tulizifua sie kwa zamu, mbali na kisima cha watu. Nyumbani kwao alijifanya amefunga na hali hakufunga, kwani mwanamke akiwa katika siku zake hafungi, tulifunzwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Siku sita zikampita hivyo. Idi ikaja, tukavaa, tukala, na yeye akaanza kuhangaika.

"Watu nimewadanganya," alisema, "Mungu nitamdanganyaje? Siku sita hizi lazima nizilipe. Na nikifa je?"

Binti wa fundi ndiye aliyepata shauri. Baada ya Idi watu wengi hufunga zile sita za Mfungo Mosi, za sunna. Basi na tufunge sote wanne, yeye alipe zake, sie tumfunike, nani atajua? Tukaona tuna akili kupita shule nzima. Tukafunga huku tukikimbia mchana, ndimi zimekauka, tunaegemeana. Nasema kweli, sijapata tena kuwa karibu na watu namna ile, hata na mume wangu, Mungu amrehemu.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa jikoni, mie nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Akachota mchuzi kidogo kwenye upawa, akanipa nionje chumvi.

"Nimefunga, mama."

"Umefunga? Ala! Wewe wa kufukuzwa na fimbo kwenye Ramadhani yenyewe?" Akacheka. "Unafunga sita?"

Laiti ningesema ndiyo. Neno moja tu, ndiyo, na ndilo tulilopanga. Lakini nilikuwa najivuna. Nilitaka mama ajue kwamba nina rafiki, kwamba naona njaa kwa ajili ya mtu na mtu huyo angeona njaa kwa ajili yangu. Nikasema, "Hapana, namsindikiza mwenzangu. Yeye analipa."

Mama hakucheka tena. Mtoto hana cha kulipa. Anayelipa siku za Ramadhani, kama hakuwa mgonjwa wala msafiri, ni mwanamke aliyekwisha kuwa mwanamke, na hilo kila mama wa pwani analijua kama anavyojua kupika wali. Mie pia nililijua! Ndilo lililonitia wazimu miaka yote.

"Mwenzako yupi?" akauliza, lakini alishajua, kwani nilikuwa naye asubuhi na jioni. Akafuta mikono, akajitanda kanga, akatoka. Aliporudi alisema, "Maliza kukuna nazi." Nikamaliza.

Jumatatu hakuja shule. Wenzangu wawili walinivuta pembeni. "Nani kasema?"

"Sijui," nikasema.

Binti wa fundi akamgeukia mwenziwe, kwamba nyumba yao imepakana na ya kina mwari, na mamake ni mtu wa maneno. Yule akalia, akaapa kwa Mungu kwamba si yeye. Mie nimesimama palepale. Nilimwacha mtu alie kwa kosa langu, na toka siku hiyo wale wawili hawakusemezana.

Kwale tulikwenda na lori. Wa mwisho akawekwa mtoto wa darasa la nne, kimo hiki. Wenzangu walikimbia vizuri kwa hasira zao, nami nilikimbia kuliko siku zote, nikafika kwake tukiwa mbele. Nikainua macho nikauona uso. Amegeuka, maskini, mikono yote miwili mbele, macho kama ya mbuzi aliyesikia fisi. Nilimpa. Sikumlaumu wala simlaumu. Tulikuwa wa mwisho kasoro mmoja, na njiani kurudi tulikaa watatu katika pembe tatu za lori.

Kijiti nilirudi nacho mie, mwalimu hakukitaka. Siku ya pili, alasiri, nikakichukua nikaenda kwao mwari. Chumba chake kilikuwa nyuma, dirisha dogo la mbao linatazama migomba. Mwari hutembelewa na wenziwe, hakuna wa kunikataza. Wenzangu wawili walikuwa wanakwenda, kila mmoja kwa wakati wake. Ni mie tu niliyekuwa sijakwenda. Nilipanga kila kitu: nitasema ni mie, atanitukana, nitampa kijiti, basi. Nikafika mpaka penye migomba. Dirisha li wazi nusu. Nikasimama, macho chini kwenye kijiti. Kisha nikageuka nikarudi zangu nyumbani, na kijiti nikakitia motoni.

Akaolewa Vanga. Mie nikaolewa Ukunda. Harusini kwake nilijifanya mgonjwa. Nimekuwa na majirani wengi, mashoga wa chama, wakwe na mawifi, na kila nilipokaribia kumpenda mtu nilijiuliza huyu nitamuuza kwa nini, kwa upawa wa mchuzi? Nikawa mtu wa kujikalia. Watu husema nina kiburi.

Nilimwona tena tukiwa vikongwe, matangani, Msambweni. Tulikaa mkekani na sinia moja tukichagua mchele. Alikuwa mnene, meno hana, lakini vidole vilevile. Nikajikaza.

"Shoga," nikasema, "ule mwaka wa Kwale. Aliyesema ni mie."

"Najua," akasema. Hakuacha kuchagua. "Si mama yako ndiye aliyekuja? Nilikuwa nyuma ya mlango, nasikia kila neno."

"Na wale wenzetu? Hukuwaambia?"

"Waliniuliza sana. Ningesemaje? Hilo lilikuwa lako kusema." Akatupa kijiwe. "Nami nilikasirika, usidhani. Wiki nzima nilikutukana humo ndani. Kisha nikachoka. Mle ndani, mwenzangu, siku ni ndefu. Nikawa nakungoja."

"Nilikuja," nikasema. "Siku moja nilikuja mpaka migombani."

"Si nilikusikia? Hujui kutembea wewe, unaburura." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nilikaa na mgongo dirishani, nikatoa mkono nje, nyuma, kama kule pwani. Nikasema akifika atauona. Nikangoja."

Niliuliza alingoja mpaka lini.

"Mpaka magharibi wakaja kulifunga dirisha," akasema, akaivuta sinia upande wake, kwani mie nilikuwa sichagui tena.