Mkojo wa Wifi

Atuganile wa Kisondela ana heshima kupita kiasi, nasema hivyo mimi jirani yake. Kwetu mke hakutani na baba mkwe. Ni mila ya zamani, na wengi siku hizi wanaipunguzapunguza. Yeye akisikia tu kikohozi cha Mzee Ambindwile njiani, anazama migombani na ndoo yake kichwani. Huu ni mwaka wa ishirini na sita tangu aolewe, na sidhani mzee anaijua sura ya mkamwana wake.

Mwaka huu kiu ilimshika. Ndoo nzima ya maji kwa siku, na chooni haishi kwenda. Sukari ilipimwa, haikuonekana. Sisi majirani tukamtania kwamba ataukausha mto Kiwira.

Hospitalini Tukuyu, Dokta Hellen hakutania.

“Mama Baraka, ubongo hutoa homoni inayoziambia figo zishike maji. Leo hunywi kitu mpaka niseme. Kila saa nitakupima kilo, na saa sita nitapima damu na mkojo. Chumvi ikizidi kwenye damu, mkojo unatakiwa uwe mzito. Ukibaki mwepesi, homoni ndiyo imepungua, na dawa ipo. Ukiwa mzito, figo zinashika maji vizuri na kunywa ni mazoea tu. Utarudi nyumbani upunguze.”

Kufikia saa sita mchana Atuganile alikuwa amepungua kilo mbili na midomo imepasuka. Hapo ndipo Mzee Ambindwile alipofika kuulizia hali, kuulizia tu, si kuonana. Katika mabenchi yote ya korido, akachagua lile linalotazama mlango wa choo.

Atuganile alichungulia, akaona kofia, akarudi nyuma ya pazia na kikopo chake kitupu. Kibofu kilikuwa kinamuuma, lakini alikuwa radhi kipasuke.

Winfrida, wifi yake, ana huruma kuliko akili. “Lete hapa, wifi,” alisema. Akaenda, akakijaza mwenyewe. Atuganile alijua, akanyamaza.

Majibu yakatoka: damu ina chumvi nyingi, mkojo mzito, safi kabisa. Dokta Hellen akashika kalamu. Kisha akaangalia tena karatasi ya kilo.

“Mkojo huu unasema maji yameshikwa. Sasa kilo mbili zimekwenda wapi?”

Akawatazama mawifi wote wawili.

“Nikiandika hivi, mama huyu atanyimwa maji nyumbani kwake. Na ninavyomwona alivyo mtiifu, atakufa kwa kunitii mimi.”

Winfrida akaangua kilio. “Ni wangu, Dokta! Baba amekaa pale mlangoni!”

Alilia kwa sauti ya kanisani, kwa hiyo korido nzima ilisikia. Mzee Ambindwile akainuka, hakuuliza neno. Akachukua fimbo yake, akatoka nje kwenye mvua, akasimama uwanjani akiwa ameipa hospitali mgongo.

Atuganile akaenda chooni mbio. Mkojo wake ulitoka mwepesi, hauna hata rangi, na Dokta Hellen alivyoufurahia ungedhani ni asali.

“Damu imezidi chumvi na mkojo bado ni maji. Ndiyo homoni, mama. Utapona kiu hii.”

Akampa kidonge cha kuweka chini ya ulimi na kikombe cha maji, cha kwanza tangu alfajiri. Atuganile alikishika kwa mikono miwili. Ila hakunywa.

“Wifi,” alisema, “kwanza mwambie baba aingie ndani. Analowa.”