Ndege Iliyokalia Mkia

"Ndege yangu haijawahi kukalia mkia."

Maneno hayo Mizani aliyatamka kwenye kipaza sauti, katika harusi isiyokuwa yake wala ya mwanawe, mbele ya ukumbi uliofurika. Aliitwa mbele kama jirani wa siku nyingi, awatakie maharusi heri. Heri aliwatakia, na zilimchukua pumzi moja. Kisha akahamia kwenye ndege, akapiga kambi huko mpaka chakula kikapoa. Bwana harusi, ambaye maishani mwake hakuwahi kuona ndege ikikalia kitu chochote, alipiga makofi kwa adabu.

Kwa asiyejua, ndege ya mizigo ya jeshi hupakiwa kwa nyuma. Ukirundika vitu vizito mkiani kabla hujaweka kitu mbele, pua inanyanyuka, mkia unashuka, na chombo kizima cha serikali chenye injini nne kinabaki kimekaa kama mbwa anayesubiri mfupa. Mpakizi aliyefikwa na mkasa huo huchekwa mpaka anastaafu, na siku ya kustaafu huchekwa tena, safari hii kwenye hotuba. Mizani alikuwa mpakizi mkuu tangu ndevu zake zikiwa nyeusi mpaka zilipokuwa nyeupe, na mkia wa ndege yake ulibaki hewani siku zote. Hilo tu ndilo alilotaka dunia ilijue. Na dunia ilijua, kwa sababu hakuipa nafasi ya kutojua.

Jeshini aliingia akitamani kuendesha kifaru. Walimpa kazi ya kupakia lori la jikoni. Akalipakia. Ofisa aliyekaa mbele na dereva alizoea safari ya kelele za masufuria, na siku hiyo hakusikia hata kijiko. Akasimamisha lori kuhakikisha kwamba vyombo havikusahauliwa kambini. Akaendelea na safari, roho haikutulia, akasimamisha tena. Walipofika aliuliza ni nani aliyepanga ule mzigo, na mwezi uliofuata Mizani alikuwa kwenye uwanja wa ndege, amesimama mbele ya tumbo la chuma lililo wazi kwa nyuma, akilitazama kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake mpya.

Ndege yenyewe ilikuwa mpya kabisa wakati huo, bado ikinuka rangi. Mlango wake wa nyuma ulishuka taratibu kama mtu anayemtolea daktari ulimi, na ndiyo maana wao wenyewe waliuita ulimi. Kupitia ulimi huo Mizani aliingiza mahema ya waliokimbia mafuriko, madawati, chanjo ndani ya barafu, bendi nzima ya jeshi pamoja na ngoma kubwa ambayo mpigaji wake alikataa katakata kutengana nayo. Abiria hakuwauliza uzito wao. Aliwatazama viatu. "Mdomo unadanganya," alikuwa akisema, "lakini soli haina sababu."

Halafu kuna hadithi ya ng'ombe, ambayo ukikaa naye kwa muda wa kikombe kimoja cha chai lazima uipate. Walikuwa wamebeba ng'ombe wa mbegu kwenda shamba la jeshi, na huko mawinguni mmoja akazaa. Rubani, aliyekuwa kijana mwembamba ambaye mpaka leo wenzake humwita Kapteni, alisikia purukushani akauliza kupitia vifaa vya masikioni: "Mizani, huko nyuma uzito umeongezeka?"

"Hapana, Kapteni. Umegawanyika."

Nyumbani ugonjwa ulikuwa uleule. Friji alilipanga yeye, vizito katikati. Wageni aliwagawia viti. Mkewe, mwanamke mpole mwenye ulimi wa wembe, alikuwa akiwaambia watu: "Mimi kwangu sijui lilipo bilauri. Namuuliza mpakizi."

"Na kabati limewahi kuanguka?" Mizani anauliza.

"Halijaanguka. Lakini na mimi sijawahi kunywa maji bila ruhusa."

Basi, siku moja kitindamimba wao, binti aliyekuwa anaoka keki kwenye chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, alipata oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Ndege ya baba yake, ya mwisho ya aina yake, ilikuwa inastaafu. Ingeegeshwa pembeni mwa uwanja iwe makumbusho, wanajeshi wa zamani waalikwe pamoja na familia zao, na keki ikatwe ndani ya ndege yenyewe. Keki ya ghorofa tatu, na juu yake ndege ya sukari.

Binti alifurahi mpaka akakaa chini. Halafu akaogopa. Biashara yake ilikuwa inachechemea, na alikuwa ameshaiambia familia mezani: keki hii ikifika salama na ikasifiwa, anaendelea. Ikiharibika mbele ya kambi nzima, anafunga jiko na kurudi kuuza misumari dukani kwa dada yake. Dada yake alikuwa tayari amemwekea stuli.

"Itafika," alisema Mizani.

"Baba, nimekodi gari lenye dereva wa keki."

"Dereva wa keki ni mtu gani?"

"Anayeendesha polepole."

"Polepole ni mwendo," Mizani akasema. "Mzigo haushikiliwi na mwendo. Mzigo unashikiliwa na mikanda."

Akatoka, akarudi na mikanda yake ya zamani, ya kijani kibichi iliyopauka, yenye vibano vya chuma vinavyolia kra-kra vikikazwa. Binti aliitazama mikanda, akaitazama keki, akatamani kulia.

"Baba, hii ni keki. Si kifaru."

"Kifaru kina afadhali. Chenyewe kina breki."

Walielewana hivi: mikanda isiguse keki. Keki ikae kwenye ubao wake, ubao upigiliwe kwenye meza ndogo, ndani ya keki upite mti mmoja kutoka juu mpaka chini kama uti wa mgongo, na mikanda ifunge meza. Safari nzima Mizani alikaa nyuma ya gari na keki yake, magoti kifuani. Walipofika, hata ua moja la sukari halikuwa limehama. Binti alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu nyumbani.

Ndege ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Wazee walikuwa wanaizunguka wakiipapasa ubavuni. Kapteni alikuwapo, sasa ana kitambi na mkongojo. Alimwambia Mizani, "Umezeeka vibaya."

"Mimi nimezeeka. Wewe umepakiwa."

Na hapo ndipo Mizani alipoiona nguzo. Ilikuwa nguzo nene ya chuma, imesimamishwa chini ya mkia wa ndege, imepakwa rangi ya njano kama ya kuzuia magari barabarani.

"Hii ni nini?" alimuuliza luteni kijana aliyekuwa anasimamia sherehe.

"Ni tahadhari tu, mzee. Mkia usishuke."

Mizani alimtazama kijana yule kama mtu aliyeambiwa mkewe avalishwe kamba ya mbwa. Miaka yote ile, na leo, mbele ya mkewe, mbele ya shemeji yake, mbele ya wapiga picha, ndege yake itembelee mkongojo?

"Ondoeni."

"Mzee, una uhakika?"

"Kijana, hii ndege nimeilaza na kuiamsha. Tupu hivi, na injini zake nne zikiwa mbele ya mabawa, hata ukipandisha harusi nzima mkiani haitikisiki. Ondoa, picha zitoke vizuri."

Luteni alikuwa amelelewa vizuri, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Nguzo ikaondolewa.

Ulimi wa ndege haukushushwa mpaka chini. Ulinyooshwa ukawa sawa na sakafu, ukaning'inia hewani kama jukwaa, ili walioketi nje waione keki na waliomo ndani waione pia. Mizani aliweka meza ya keki hukohuko ulimini, akaifunga mikanda minne kwenye pete za chuma zilizo sakafuni, akakaza, kra-kra-kra, akatikisa, akakaza tena. Watu wakacheka. Shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mwanamke wa mwili wa kutosha na sauti ya kuzidi, alimwambia: "Shemeji, unaifunga keki kama mwizi wa kuku. Itakimbilia wapi?"

"Shemeji, hujui safari."

"Ndege yenyewe haina hata mafuta."

Wageni walipandia mlango mdogo wa mbele, wakajaa viti vya ubavuni. Mkuu wa kambi akatoa hotuba fupi, jambo lililomshangaza kila mtu. Kisha akasema keki ikatwe. Na watu wote waliokuwa ndani ya ndege, wazee, wake zao, wajukuu, wapiga picha, wakainuka kwa pamoja wakaenda mkiani kuona.

Mizani alikuwa kando ya keki, amempa binti yake kisu. Alihisi kitu kwenye nyayo kabla hajakielewa kichwani. Sakafu ilipumua.

Waliokuwa nje waliona vizuri zaidi. Pua ya ndege iliinuka bila haraka, kama mzee aliyenusa mvua. Mkia ukashuka kwa heshima zote, ulimi ukagusa lami, na ndege ikakaa kitako.

Ndani, viti vya plastiki viliteleza, kofia ya mkuu wa kambi iliteleza, mkongojo wa Kapteni ukapita peke yake kama una shughuli mahali fulani. Watu walikamatana mabega, wakajikuta wote wameegemea upande mmoja. Meza ya maji ya kunywa ilishuka mteremko, ikapita ubavuni mwa keki, ikaangukia nje kwa kishindo.

Keki haikwenda popote. Iliinama na sakafu, ikabaki imeshikwa na mikanda minne ya kijani, na juu yake ile ndege ya sukari imeinua pua kama inapaa.

Binti alikuwa amefumba macho. Akafumbua jicho moja. Keki ipo. Akafumbua la pili.

Halafu Kapteni, akiwa ameshikilia waya wa ukutani, akasema taratibu: "Mizani. Injini zilitolewa mwezi uliopita. Yale ni maganda na pangaboi tu. Nilidhani unajua."

Jambo moja tu alilojivunia Mizani maishani, na ameliua kwa mkono wake, mbele ya hadhara, siku ya maziko ya ndege yenyewe. Angeweza kusimama pale akaomboleza. Lakini pembeni watoto wawili walikuwa wameanza kusogea ukingoni mwa ulimi ili warukie nje, na kazi ikamwamsha mtu.

"Hakuna kuruka," alisema, kwa sauti ile ya zamani iliyokuwa inashinda injini. "Mkishuka huku kwa pamoja, pua itaanguka kama nyundo, na keki ya binti yangu itapaa kweli. Mzigo ulikuja nyuma, mzigo utarudi mbele. Mmoja mmoja. Shikeni viti."

Akatazama viatu vya watu, mstari mzima, kama zamani. Macho yakatua kwenye jozi moja.

"Shemeji. Kwa heshima zote. Tangulia mpaka kwa rubani."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu injini hazipo."

Ndege nzima ilipasuka kwa kicheko. Shemeji akajaribu kununa, uso ukakataa. "Kwa hiyo ulinipima lini?"

"Siku niliyokuja kuposa. Wewe ndiye uliyenifungulia mlango."

Akapanda ule mteremko, mkono kwa kiti, mkono kwa kiti, akipigiwa makofi kila hatua. Nyuma yake mkuu wa kambi. Kisha Kapteni, ambaye Mizani alimwita kwa kitambi chake. Kisha wengine kwa mpangilio wa soli. Walipofika nusu, sakafu ilipumua tena, na pua ikashuka polepole, polepole, mpaka gurudumu la mbele likagusa lami bila hata kugonga. Hata wale wa nje walisimama.

Nguzo ya njano ikarudishwa. Mizani alimshika luteni bega akamwambia, "Wewe ulikuwa sahihi. Usizoee kutii wazee." Kijana akatabasamu mpaka masikioni.

Keki ikafunguliwa mikanda mbele ya macho ya watu wote, kibano kimoja baada ya kingine, na kila kilipoachia walihesabu kwa sauti. Binti akakata. Shemeji alipewa kipande cha kwanza, akakilia kwenye kiti cha rubani, akakataa kushuka. "Nikishuka mtainuka tena," alisema. Mkewe Mizani, mdomo umejaa, alimwegemea mumewe. "Sasa utasema nini kwenye harusi za watu?"

Mizani alifikiri. Alikuwa ameshaanza kucheka, kile kicheko cha tumboni kinachomtoa mtu machozi, ambacho hakuwahi kukicheka tangu siku ya ng'ombe.

"Nitasema imekaa mara moja tu. Na keki haikujua."

Ndivyo anavyosema sasa, na makofi yanayompata ni ya moyoni. Picha ya keki iliyoinama bila kuanguka ilizunguka kwenye simu za watu mpaka ikamrudia binti mwenyewe kutoka kwa mtu asiyemjua. Stuli ya dukani kwa dada yake imepewa paka. Chumba cha mbele kimebomolewa ukuta ili jiko la pili liingie, na kila Jumamosi Mizani huketi nyuma ya gari, magoti kifuani, akisindikiza keki za watu, kwa sababu wateja wameanza kuiomba mikanda ya kijani kwa jina.

Ukutani kuna bango jipya la bei. Keki ya ghorofa tatu ni kwa maelewano. Kufungwa mikanda ni elfu tatu.