Nilifika wa kwanza, kazi wakamupa Dédé

Bandugu, leo wivu inaniuma mpaka bukari, ugali yetu, haipiti mu koo.

Mama Béa, ule anauzisha masahani ku soko ya Kikula, anatafuta muntu wa kumuletea bintu toka Zambia kila juma. Akatupima, minye na Dédé: kila muntu apitishe carton moja ya masahani ku mupaka wa Kasumbalesa.

Minye niko muntu wa mbio! Leo asubuyi nilikuwa nimeisha kufika kwa Mama Béa, hata sahani moja haikupasuka. Dédé akatokea saa sita, vumbi mpaka ku meno.

Nikamucheka sana.

Mama Béa akaniuliza: "Weye, telefone yako ilikuwa wapi?"

"Niliifunga, mama. Nilichunga batterie."

"Dédé aliniita ku telefone ku kila barrière ya njia. Weye, jana nilienda mpaka kwenu kuuliza mama yako kama umetoroka na masahani yangu! Kazi ni ya Dédé."

Akamukalisha, akamupatia bukari na samaki. Minye? Maji.

Na Dédé, mukono mu samaki: "Petit, carton zitakuwa mingi. Utanisaidia kubeba?"

Petit! Eti minye mudogo yake! Tulikaa banc moja ku masomo!

Niambieni kweli: niitike, ao nikufe njaa na heshima yangu?