Mama Alionja Kwanza Pombe ya Furu

Furu, yale matunda meusi ya porini, zikianza kudondoka mimi hukosa raha. Watoto wa hapa Mamba wanarudi kutoka porini midomo myeusi, wanacheka, nami nawafuata mmoja mmoja nikiwauliza wameziokota wapi na kama wameziosha. Wananiona kichaa. Waache wanione hivyo.

Wakati ule nilikuwa sijaolewa, nauza kwenye grosari ya watu Mpanda mjini. Kwenye simu nilimwona mama mmoja wa Ulaya akichuma vitunda vya kwenye ua wa nyumba yake, akavitia kwenye pombe kali na sukari, akavificha kabatini mpaka pombe ikawa nyekundu. Nikajiambia, kama yule anaringa na vitunda vya uani, sisi wenye furu tumekosa nini? Wakwe walikuwa wanakaribia kuja kwa mama, kijijini Kasekese, kujitambulisha. Wao ni Wapimbwe wa huku Mamba, sisi asili yetu Burundi. Uraia tulishapewa, lakini maneno ya watu hayajaisha. Shangazi wa mchumba wangu alishauliza kama kwetu mtu anaweza kula akarudi salama. Aliuliza kwa utani, eti. Mimi sikucheka. Nilitaka aje, anywe kitu ambacho hajawahi kukinywa, na aombe aongezewe.

Mfuru mkubwa uko mpakani, kati ya shamba la mama na shamba la pamba la jirani yetu Msukuma. Niliokota zilizoanguka, zilizoiva mpaka zikalainika, ndoo nzima. Sikuziosha. Kwetu tunda la pombe halioshwi. Ukiliosha, pombe inagoma kuchacha. Yangu wala haikuwa ya kuchacha, maana pombe yenyewe ilishatoka dukani, nyeupe na kali, lakini mkono ulishazoea. Nikazitoboa kwa uma, nikazijaza kwenye chupa pana ya kioo, nikatia sukari, nikamimina pombe, nikafunga. Chupa ikakaa chini ya kitanda cha mama. Nikija kumsalimia naitikisa. Ikawa ya zambarau, halafu ikakolea mpaka mwanga haupiti. Sikuionja. Nilitaka ifunguliwe mbele ya wageni.

Wakaja. Baba mkwe, mama mkwe na yule shangazi, wamevaa vizuri, wamekaa wima kwenye viti vya kuazima. Nikaleta chupa na vikombe kwenye sinia, nimejaa majivuno. Mama akanyoosha mkono kabla sijammiminia mtu.

"Kwetu mwenye nyumba ndiye anayeonja," aliwaambia. "Mgeni anywe moyo wake ukiwa umetulia."

Shangazi akatabasamu kidogo, jibu la swali lake lilikuwa limefika. Mama akapiga funda moja kubwa. Likakaa mdomoni. Nilimwona anatazama ukutani, kisha akameza.

"Hii bado," akasema. "Haijaiva. Mtatusamehe wakwe zangu, leo tutakunywa chai."

Akafunga chupa kwa kiganja, akanirudishia sinia. Nilihisi uso unawaka. Miezi naitikisa, halafu aniaibishe mbele ya watu wale! Nikaenda jikoni nikiwa nimevimba, nikabamiza sufuria ya chai mekoni ili anisikie.

Jirani yetu mwenye pamba alipita mlango wa nyuma kuleta karanga za wageni. Nikamwita, nikammiminia kikombe. Nilikuwa nimepania kuthibitisha kwamba mama ni mkaidi tu. "Jirani, onja hii uniambie kama haijaiva."

Akakiweka kikombe puani. Hakunywa. "Dada, hizi ni zile furu ulizookota pale mpakani?"

"Ndiyo hizo."

"Uliziosha?"

Nikatikisa kichwa.

"Nilikuona ukiokota," akasema, sauti imeshuka. "Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimepiga dawa ya wadudu, upepo ukaipeleka kwenu. Nilijua tu mtaziosha. Mimi hiyo sinywi. Kuna mtu amekunywa?"

Nilishika nguzo ya jiko, nikawaza neno moja tu, mama, mama. Nikakimbilia sebuleni, na mlangoni nikasimama, kwa sababu alikuwa anacheka. Anawasimulia baba yangu alivyokuwa anaogopa ng'ombe. Anacheka, na anafuta mdomo kwa pindo la kitenge. Anafuta tena. Mate yalikuwa yanamjaa. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na siku yenyewe haikuwa ya joto.

Nilimsogelea nikainama kana kwamba nachukua kikombe. "Mawe," nikamwita kama tunavyowaita mama zetu, "ina dawa. Twende hospitali."

"Ego," akajibu kwa Kirundi, yaani ndiyo, taratibu kama mtu anayekubali kuongezewa sukari. Anajua! Kisha akaniambia kwa Kirundi hicho hicho, huku anawatabasamia wageni, nilete chakula na nisithubutu kulia.

Nililisha watu wale wali na kuku. Nilimwaga mchuzi kwenye kitambaa. Mama mkwe akaniambia kwa upole, "Usiogope mwanangu, sisi hatuumi," nikaitikia kwa kichwa. Kila mama alipokohoa nilifikiri ndiyo basi. Nilimchukia shangazi kwa kuomba nyongeza ya wali. Nilimchukia baba mkwe kwa kutafuna polepole. Niliomba Mungu awaondoe, halafu nikaomba asimchukue mama, nikaona nimeomba vitu viwili, nikaogopa atanipa cha kwanza tu.

Walipoaga, mama aliwasindikiza. Alitembea nao mpaka barabarani, akawapungia mkono mpaka gari lao lilipozama kwenye vumbi. Hapo ndipo aliposhika mti wa uzio, akatapika.

Jirani alikuwa ameshaita bodaboda. Tulimweka katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, moyo wake ukipiga mgongoni vibaya. Alikuwa mzito na analegea. Nilimwimbia maneno yasiyo na maana sikioni ili asilale. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimfunua jicho, na mboni ilikuwa imekuwa ndogo kama punje ya ulezi. Walimchoma sindano, wakasubiri, wakamchoma nyingine. Nilikaa sakafuni nikiwa nimeshika kisigino chake, maana ndicho nilichoweza kukifikia. Sijawahi kuogopa vile, na sidhani ndani yangu imebaki nafasi ya woga mwingine kama ule.

Mate yalipokauka na macho yakarudi kuwa yake, nilimfokea. Ndiyo, nilimfokea mgonjwa. "Uliisikia mdomoni! Kwa nini hukutema?"

"Ningetema mbele yao?" Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Weye ungeitwa nani kuanzia siku ile? Mrundi aliyewatilia wageni sumu. Jina hilo halifutiki, mwanangu. Tumbo linapona."

Akanitaka niape kwamba sitamwambia mtu kule ninakokwenda kuolewa. Nikaapa. Chupa niliichimbia shimo mbali na kisima.

Siku hizi wageni wakija kwangu, mimi ndiye ninayeonja. Hata kama ni togwa, hata kama ni uji, kabla ya kumeza nausikiliza mdomo wangu. Mama mkwe ananitania. Ananipenda, ananitania kwa mapenzi. Mwaka huu furu zilipoanza aliwasimulia majirani tena, mimi nikiwa pale pale na kikombe mkononi: jinsi walivyokwenda Kasekese siku ya kwanza, wakaonyeshwa chupa nzuri ya pombe nyeusi, mama yangu akapiga funda lake peke yake, akaifunga na kuwapa chai.

"Mama wa huyu ni mchoyo!" alisema, na watu wakacheka.

Nikacheka nao.