Masikio ya Kifaru

Mzee Muoki wa Ziwani alikuwa amechonga vifaru miaka arobaini bila kumwona hata mmoja, na hilo halikuwahi kumkosesha usingizi. Kisha mnunuzi mmoja wa hoteli akamrudishia wawili, eti wana masikio ya punda. Mzee akaweka tezo chini. Wiki ya tatu sasa anashinda mlangoni akikosoa wapita njia, na binti yake Kavata, mpiga picha za harusi, roho inamuuma kumwona hivyo.

Alimwonyesha vifaru kwenye simu, mzee akawakataa. "Hao ni wa watu. Nipeleke nikamwone wangu."

Kwenda mbugani si shida. Shida ni kwamba kifaru hasogei karibu, na macho ya mzee hayaoni tena mbali. Kavata alihitaji lenzi ya kuvuta karibu vilivyo mbali, tena isiyomfilisi. Ndipo wakaenda mtaa wa Fedha, kwa Hared, anayeuza kamera za mitumba sebuleni kwake.

Hared alitoa mbili, bei karibu sawa, jambo ambalo lingemshtua mtu asiye na haraka. Moja kubwa, nzito, ya milimita mia sita, inayovuta mbali zaidi. Nyingine fupi, nyepesi, ya mia tatu. Kavata aliipenda ile kubwa papo hapo, na nani angemlaumu? Ukining'iniza kitu kama kile shingoni, hata bwana harusi anakuamkia kwanza.

"Lete hapa," mzee alisema. Akaipima kiganjani, akaigonga kwa ukucha, kisha akaisogeza puani na kuvuta pumzi, kama afanyavyo na gogo la mpingo kabla ya kulilipia.

"Aki Baba, wacha kunusanusa vitu za wenyewe!" Kavata alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mzee, hiyo si omena ya sokoni," Hared alicheka.

"Imeoza ndani."

Kavata akawasha tochi ya simu na kumulika. Kwenye kioo cha ndani, nyuzi nyeupe za ukungu zilikuwa zimetambaa kila upande. Hared akaacha kucheka. "Wallahi, sikujua," alisema, na kwa aibu akawapunguzia bei ya ile fupi.

Jumamosi, mbugani, dereva alisimamisha gari na kunyoosha kidole. Mzee akaona jiwe la kijivu tu. Kavata akaegemeza viwiko dirishani, maana lenzi ya bei ile haivumilii mkono unaotikisika, akapiga picha nyingi, akakuza moja kwenye kioo cha kamera na kumpa baba yake.

Mzee aliisogeza karibu na macho. Masikio yalikuwa ya mviringo, yamesimama, yenye nywele nchani. Akaanza kucheka, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Baba yangu ndiye aliyenifundisha masikio yale ya punda," alisema akijipangusa. "Na aliniapia amemwona kifaru kwa macho yake. Dereva, geuza gari. Nikachonge wa kweli, nisije nikafa mwongo kama yeye."