Kuku wa Kishingo wa Mama

Mama alipofariki tuligawana vitu vyake. Leso zilikwenda kwa dada zake, mashine ya kukunia nazi akaichukua mke wa kaka yangu. Kuku hawakugawiwa. Shangazi mmoja alipotaka apewe koo wawili wa ukumbusho, baba alisema, "Hao waacheni," na hakuna aliyerudia ombi hilo.

Walikuwa kuku wa kishingo, wale wenye shingo tupu isiyo na manyoya. Mama alipewa mbegu yao na mama yake mzazi alipoolewa akaja Mwabungo, na tangu hapo wakawa wanazaliana hapo hapo uani. Alikuwa radhi kuchinja jogoo kwa ajili ya mgeni, lakini koo hakuchinja. Alimjua kila mmoja ni mtoto wa nani.

Baba alikuwa mpishi hotelini Diani hadi alipostaafu, na maisha yake yote aliwajua kuku wakiwa ndani ya sufuria. Baada ya arobaini nilihamia kwake ili asikae peke yake. Kila asubuhi nilikuwa nikienda Ukunda kwenye duka ninakoshona, na kila nilipotoka nilimwacha ameinama uani na kikombe cha mtama, akiwaita kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaitia mama. Haikumkaa vizuri mdomoni, lakini kuku walikuja.

Wakati huo kuku walikuwa wamepungua. Mama alipokuwa mgonjwa hakuna aliyewaangalia, na mwewe na mnyama cheche walichukua walichotaka. Siku moja nilirudi nikamkuta baba amenunua vifaranga kwa mtu anayepita na katoni nyuma ya pikipiki.

"Ua umekuwa kimya," aliniambia, kana kwamba nilimuuliza.

Vifaranga wale wengi walikufa wangali wadogo, wachache wakakua pamoja na vifaranga walioanguliwa na koo wa mama. Ua ukajaa tena. Nakumbuka miezi ile kuwa ndiyo ya kwanza baba kucheka tangu mazishi.

Halafu asubuhi moja akaniita kabla sijamaliza kuvaa. Mtetea mweupe, ambaye alikuwa karibu kuanza kutaga, alikuwa amelala kando ya banda. Mguu mmoja ameunyoosha mbele, mwingine nyuma, kama mtu aliyeteleza akashindwa kujikusanya. Jana yake alikuwa akikimbia. Macho yalikuwa maangavu, na baba alipomwekea mtama mbele alidonoa kwa pupa.

Tulidhani amenaswa na uzi. Tukamkagua vidole, hapakuwa na kitu. Tukamkagua mfupa, haukuvunjika. Baba akamweka ndani ya kikapu, akapasha mafuta ya nazi, akaanza kumkanda mguu taratibu kwa kidole gumba. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuondoka. Miezi ya mwisho ya mama, sukari ilipomtia miguu ganzi, baba alikuwa akimkanda hivyo hivyo, kwa mafuta hayo hayo, kila baada ya alasiri. Hakuinua uso kunitazama.

Mweupe hakuinuka. Wiki iliyofuata akaanguka mwingine, kisha mwingine, wote wa kizazi kile kipya. Jirani yetu, ambaye alikuwa rafiki wa mama, akaja kutazama akashika kiuno.

"Hiki ni kideri," alisema. "Wachinjeni wote mle kabla hawajafa."

Lakini kideri tunakijua. Kideri huja na kuhara kijani na kukoroma, na hufagia ua mzima, wakubwa kwa wadogo. Hawa walikuwa wakila, na koo wazee wa mama walikuwa wazima kabisa, wakipekua majani kana kwamba hakuna lililotokea. Jirani alipoona hivyo akashusha sauti. "Basi shemeji, kuna jicho hapa. Watu walikuwa wakiusifu mno ua huu." Baba akamwambia tu, "Allah ndiye mjuzi," akaendelea kukanda.

Mimi niliuliza Ukunda, nikapata nambari ya afisa wa mifugo. Alikuja mchana wa jua kali, mwanamke wa makamo kutoka bara aliyekaa pwani hadi Kiswahili chake kikalainika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari. Karibu. Wagonjwa wako ni hawa."

Alichuchumaa mbele ya vikapu. Akamfunua kila mmoja jicho, akamshika mapaja yote mawili kwa pamoja, akauliza wana umri gani, wamechanjwa nini, wanakula nini, na kama kuna mzoga wowote uliooza karibu ambao huenda walikula funza wake. Hapakuwa na mzoga. Kisha akasimama.

"Nashuku jambo, lakini kwa kumtazama hivi siwezi kukuapia. Lazima nimfungue mmoja. Hata kama yupo aliyekufa jana, kwa joto hili hanisaidii. Nahitaji aliye hai."

Nilidhani baba atakataa. Akaingia ndani, akatoka na kisu, akamchukua mtetea mweupe kutoka kikapuni. "Nitamchinja mwenyewe," alisema. Akamwelekeza kibla, akataja jina la Mwenyezi Mungu, na alipomaliza akabaki amemshika mpaka alipotulia.

Afisa alivaa glavu, akamlaza juu ya gunia. Akapasua ngozi ya paja kwa ndani, akaitenga minofu kwa vidole, akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Kisha akatuita tusogee.

"Hii ni mishipa ya fahamu, ndiyo inayoupa mguu amri. Huu wa kulia, tazameni."

Ulikuwa mwembamba, mweupe, unang'aa kama uzi mpya.

"Sasa huu wa kushoto."

Wa kushoto ulikuwa umevimba, mnene mara mbili au tatu, rangi yake imefifia ikawa ya kijivujivu, haung'ai. Hata mimi nisiyejua kitu niliona.

"Ni mareksi," alisema. "Ni kirusi. Huingia kwa mavumbi ya manyoya, kuku akiwa bado mdogo, kisha hukaa kimya miezi. Ukija kuuona mguu umelala, ugonjwa umeshaingia siku nyingi. Hauna dawa, mzee. Nisikudanganye."

"Kwa hivyo hata kumkanda…"

"Haikumdhuru. Lakini haikuweza kumsaidia."

Baba alitikisa kichwa polepole. "Alikuwa akiumia?"

"Si sana. Mguu tu haukusikia amri."

Hapo ndipo afisa alipouliza swali nililokuwa nikiliogopa. "Mmeleta kuku wageni miezi ya karibuni?"

Baba alimweleza habari ya katoni na pikipiki. Aliieleza yote, bila kupunguza. Alipofika mwisho akasema, "Basi ni mimi niliyeuleta."

"Mzee, huwezi kulijua hilo. Mimi pia siwezi. Kirusi hiki kiko karibu kila mahali. Kinapanda upepo, kinapanda kiatu cha mgeni. Huenda hawa wazee walikuwa nacho siku zote."

Alisema kweli, nami nilimshukuru kwa kusema. Lakini nilimwona baba usoni nikajua kwamba ameshachagua jibu lake, na hataliacha.

Afisa alituambia chanjo ipo, ila hudungwa kifaranga siku ile anayoanguliwa, na huja kwa chupa ya kuku wengi, ikishafunguliwa haikai. Kwa mtu mwenye koo wachache ilikuwa vigumu. Vumbi la ua wetu lingebaki na ugonjwa muda mrefu. Wakubwa wangeendelea kuishi. Vifaranga wao wangeendelea kuanguka.

Baba hakubishana. Aliwachinja waliokuwa vikapuni mmoja mmoja, akawazika nyuma ya minazi, na hakuruhusu jirani achukue hata mmoja. Tangu siku hiyo hakumwacha koo yeyote alalie mayai. Kila jioni baada ya magharibi alipitia viota, akiingiza mkono chini ya tumbo la koo na kuyatoa yakiwa na joto bado. Walimdonoa mkono mpaka ukawa na vidonda. Mayai hayo tuliyala, au nilikwenda nayo dukani nikawapa wenzangu. Yeye hakula.

Ni mimi niliyempigia tena afisa kumuuliza kama ugonjwa hupita ndani ya yai. Akasema haupiti. Yai lenyewe ni safi, kifaranga hupata maradhi akishatoka, kwenye vumbi. Kama kuna mahali pasipo kuku kabisa, watakua salama.

Mama mdogo, ndugu yake mama, anaishi Samburu ya huku kwetu pwani, pembeni ya mji, na yeye hufuga mbuzi na bata tu. Nilipomweleza alilia kwenye simu, kisha akasema bata wake mmoja amejikusanya anataka kulalia. Tuliyafuta mayai kwa kitambaa safi, tukayapanga ndani ya ndoo yenye maranda, nami nikayapeleka mwenyewe, kwa nguo na viatu ambavyo havikuwahi kukanyaga uani.

Bata aliyalalia. Wakaanguliwa vifaranga wa shingo tupu, wakamfuata bata mpaka kwenye beseni lake la maji, wakabaki ukingoni wakilia, naye haelewi kwa nini hawaingii. Mama mdogo alinisimulia haya akicheka. Nilimsimulia baba. Alisema, "Alhamdulillah," akaomba nirudie.

Walipofika umri ule wa kuanguka, hawakuanguka. Walipoanza kutaga, baba alisema anataka kuwaona. Alioga mara mbili, akavaa kanzu ya kutoka dukani na viatu vipya. Samburu tulikuta ua mkavu, mwekundu, na mitetea kadhaa wakipekua chini ya zizi la mbuzi. Mmoja alikuwa mweupe.

Mama mdogo alimshika akamletea. "Mpokee, shemeji. Ni wako."

Baba alirudi nyuma hatua moja, akaficha mikono nyuma ya mgongo.

"Nimeoga, lakini siiamini mikono yangu," alisema. "Mshike wewe. Mimi nitamtazama."

Mama mdogo akasimama pale amemshika kuku kifuani, na baba akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akamwomba amweke chini, kuku atembee kidogo, naye amwone.