Jina Langu Lilibaki Kwenye Fomu

Ndugu msomaji wa gazeti hili, nimekosa, na nakuomba usinitafutie visingizio kabla hujafika mwisho. Visingizio ninavyo tele, nimevitumia mpaka vimechakaa.

Mimi ni mwanamke wa Othaya. Kompyuta naijua kidogo, kiasi cha kujiona. Katika ukoo wetu kila mwana wa babu alimpa binti yake wa kwanza jina la cucu, yaani nyanya yetu mzaa baba, kama desturi inavyotaka, na jina la mwisho sote tunatumia la babu. Basi mimi na binamu yangu, mtoto wa baba mdogo, tunaitwa jina moja mwanzo hadi mwisho. Hapa nitatuita Nyambura, ingawa silo. Shuleni tulikuwa Nyambura mkubwa na Nyambura mdogo. Mkubwa ni mimi. Tulilala kitanda kimoja mpaka tukawa wasichana wakubwa.

Daktari mmoja mwenye kliniki ndogo aliniomba nimtengenezee fomu ya wagonjwa kwenye kompyuta, kwa sababu kadi za karatasi zilikuwa zimemchosha. Nilifurahi kama mbuzi aliyekata kamba karibu na shamba la jirani.

Na fomu ilikuwa nzuri, acha niseme. Rangi ya majani chai, visanduku vimejipanga, kila kitu kwenye skrini moja. Unabonyeza kishale, majina yanashuka, unachagua moja, na habari zote za mgonjwa zinajaa: umri, simu, magonjwa, dawa zinazomdhuru. Mwanzoni kando ya kila jina palionekana namba ya simu. Nikaona inaharibu urembo, nikaificha.

Ili kujaribu kama inafanya kazi, nilimwandikisha mgonjwa wa kwanza: mimi mwenyewe. Mahali pa dawa zinazodhuru nikaandika "Hakuna", maana mimi sijawahi kudhuriwa na dawa yoyote.

Halafu nikasahau kujifuta.

Pale mapokezi alikuwapo dada mmoja Mwislamu, mzaliwa wa Nyeri mjini. Nitamwita Zaituni. Si jina lake, lakini akisoma atajijua. Siku namfundisha aliniuliza, "Na majina zikifanana, nitajua aje ni nani?"

"Chagua tu yenye iko juu," nikamwambia. "Wewe usiogope kompyuta."

Mimi! Mtu ambaye tangu chekechea ameitikia jina akakuta anaitwa mwingine!

Nyambura mdogo alikuwa mgonjwa wa pale. Zaituni alikuwa amemwandikisha vizuri, na kuandika kwamba penisilini humvimbisha koo. Siku moja akaletwa na mumewe, ana homa kali na kidonda kibaya mguuni, alikuwa amejikata na jembe. Zaituni akabonyeza kishale. Jina likashuka mara mbili. Akachagua la juu, kama nilivyomfundisha, na kwenye kikaratasi cha muuguzi akanakili alichokiona: dawa zinazodhuru, hakuna. Binamu yangu alikuwa anatetemeka, na mumewe hakuuliza ni sindano gani. Alijua mambo yao yako kwa kompyuta.

Alidungwa penisilini kwa afya yangu.

Hakufa. Koo liliziba, pumzi zikakatika muda mrefu kabla hawajamrudisha. Sasa analishwa kwa kijiko. Akiniona anacheka, na sijui kama ananitambua.

Kesho yake daktari alinipigia simu. "Kuja uangalie hii mashine, watu wa kaunti wanakuja." Niliketi mbele ya skrini peke yangu nikajiona pale, mgonjwa namba moja, na chini ya jina langu ile ziara ya jana. Nikaelewa yote. Uoga ulinijaa. Nikajifuta, na ile ziara ikaenda pamoja nami. Programu ile huwa inakuuliza kama una hakika, kwa kuwa hutaweza kurudisha. Nikakubali.

Watu wa kaunti, wakaguzi wa afya, walipofika, Zaituni alisema, "Wallahi kulikuwa na majina mbili. Niliona na macho yangu."

Kompyuta ikafunguliwa. Jina lilikuwa moja, na penisilini imeandikwa wazi. Kwa kuwa ziara ya siku ile haikuwamo, ikaonekana Zaituni hakuifungua fomu kabisa. Kikaratasi chenye mwandiko wake kilikuwa mezani.

Akanigeukia. "Dada, si ni wewe ulitengeneza hii kitu? Waambie."

Nikasema, "Mimi naona jina moja."

Zaituni akafutwa kazi, na mpaka leo hakuna kliniki inayotaka hata kumsikiliza.

Nimejaribu kusema, Mungu anajua. Nilienda kwa baba mdogo nikiwa nimejipanga, mkewe akanishika mikono, akaniambia, "Nyambura, wewe ndio tumebaki na wewe. Usituache." Nikanywa chai nikarudi nyumbani. Nilimwendea daktari, akafunga mlango. "Hiyo maneno iliisha," akasema. "Na uko na ushahidi gani?" Sina. Niliufuta mwenyewe.

Jumapili iliyopita nilimkuta Zaituni kwa binamu yangu, anamkanda miguu kwa mafuta. Nikaambiwa huja kila wiki kumwomba msamaha. Tulipotoka nje akasema polepole, kama mtu anayejizungumzia, "Siku hizi nafikiria pengine hakukuwa na majina mbili. Pengine ni mimi niliona vibaya."

Nilikuwa na nafasi, hapo mlangoni, hakuna mtu mwingine. Nikamwambia ajikaze. Hilo tu ndilo nililoweza, najichukia kwa hilo.

Wewe unayetengeneza fomu za watu, usifiche kinachomtofautisha mtu na mwenzake ati skrini ipendeze. Ukijaribu, jaribu kwa jina lisilo la mtu, na uliondoe kabla hujatoka mlangoni. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, ukiwa bado una kitu cha kuonyesha. Ukingoja, utabaki na ulimi peke yake, na wangu umekuwa mzito.

Zaituni, kama gazeti hili litakufikia: majina yalikuwa mawili. Uliona vizuri.